Baraza ndani ya bweni: mwongozo kamili wa kuanzisha korido ya kusoma pamoja chuoni

Ukipita Ngamiani, mtaa wa hapa Tanga, jioni utawakuta wazee barazani, bao katikati, kahawa inazunguka. Hakuna anayeita majina wala anayetia saini ya mahudhurio. Lakini kijana akikaa pale mwaka mmoja atainuka akijua mambo ya mji, namna ya kubishana bila kuvunjiana heshima, na wakati wa kunyamaza. Kwenye mabweni ya vyuo vyetu tuna vitanda, tuna matroni, tuna geti linalofungwa kwa saa. Baraza hatuna. Mwanafunzi anatoka darasani saa kumi, anafua, anapika kwa kificho, anajifungia na simu yake, na mwenzake wa kitanda cha juu anayesoma somo lile lile hajui kwamba wote wawili walikwama mahali pamoja asubuhi.

Hapa naeleza namna ya kuligeuza bweni, au korido yake moja tu, liwe mahali ambapo watu wanaishi pamoja na kusoma kitu kimoja pamoja kwa mpango. Nimekuwa mwalimu na mlezi wa bweni la wasichana kwenye chuo kimoja cha afya hapa Tanga, kwa hiyo mifano yangu ni ya uuguzi na ukunga. Wewe ukiwa chuo cha mifugo, cha ualimu au cha ufundi, badilisha mfano. Mwendo ni ule ule.

Mambo matatu lazima yakutane. Watu walale karibu. Wawe na somo moja wanalolibeba pamoja. Na mwalimu wa somo hilo aonekane pale walipo, nje ya darasa. Kimoja kikikosekana, una bweni la kawaida lenye jina zuri.

Wazo limetoka wapi

Oxford na Cambridge walimu na wanafunzi wamekuwa wakiishi ndani ya ua mmoja na kula ukumbi mmoja kwa karne nyingi. Marekani, jaribio linalotajwa sana ni la Alexander Meiklejohn katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, lililoanza 1927. Vijana waliwekwa bweni moja pamoja na walimu wao, na mwaka wa kwanza wote walisoma jambo moja: Athene ya kale, siasa zake, falsafa yake, tamthilia zake. Mwaka wa pili wakaigeukia Marekani yenyewe. Mwaka 1932 likafungwa. Mdororo wa uchumi ulikuwa umeshika, wanaojiunga walipungua, na wengine chuoni hapo waliwatazama vijana wale kama watu wa ajabu waliojitenga. Hilo la kujitenga likumbuke, nitalirudia. Miaka hiyo hiyo ya 1930 Harvard na Yale nao walijenga makazi yenye walimu ndani yake kwa fedha za tajiri Edward Harkness, na leo vyuo vingi vya Marekani vina korido za namna hii, moja ya wahandisi, nyingine ya lugha, nyingine ya afya.

Sisi Afrika Mashariki tulirithi mabweni kupitia Makerere na baadaye Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lakini kwa miaka mingi shida yetu imekuwa kitanda. Kila aliyepita Mlimani anajua maana ya kubebana, wawili kwenye kitanda cha mmoja. Hosteli za Magufuli zilipofunguliwa 2017, zenye nafasi za wanafunzi 3,840, furaha ilikuwa ya paa na godoro, na ni haki. Ila ukishapata godoro, swali linabaki: saa mbili usiku watu wanafanya nini?

Hatua ya kwanza: chagua somo moja linaloumiza

Nilikosea hapa, kwa hiyo nitakaa kidogo. Mwaka wangu wa kwanza nilianza na jina la kundi, fulana za rangi na kauli mbiu. Tukapiga picha nzuri mno. Baada ya wiki tano fulana zilikuwa zinadekia sakafu na hakuna aliyekuwa anakuja.

Usianze na jina. Nenda ofisi ya taaluma, omba orodha ya masomo yenye sapu nyingi, yaani mitihani ya kurudia, kwa mihula miwili iliyopita. Usitake majina ya watu, taka idadi tu. Halafu kaa na wanafunzi wa mwaka wa pili uwaulize ni wapi walilia. Majibu mawili yakikutana, hapo ndipo pa kuchimba.

Kwetu ilikuwa hesabu za dawa. Hii si hesabu ngumu. Ni kugawanya na kuzidisha kwa darasa la sita, ila anayekosea anamkosea mtoto. Chukua mfano wa kila siku wodini: mtoto ana kilo 12, anatakiwa apewe paracetamol miligramu 15 kwa kila kilo, na chupa imeandikwa miligramu 120 katika mililita 5. Mahitaji ni 12 mara 15, yaani miligramu 180. Gawanya kwa 120, zidisha kwa 5, unapata mililita 7.5. Mwanafunzi aliyekariri kanuni ataipata akiwa ametulia. Mgeuzie namba, mpe dripu ya mililita 1,000 iishe kwa saa 8, mrija unaotoa matone 20 kwa mililita, umuulize ni matone mangapi kwa dakika. Hapo utaona macho yanatafuta dirisha. Jibu ni kama matone 42: elfu moja mara ishirini, gawanya kwa dakika 480.

Somo la namna hii ndilo linalofaa baraza kwa sababu linataka kurudiwarudiwa, linaweza kufanywa na watu wanne kwenye ubao mmoja, na kosa linaonekana papo hapo. Somo la maelezo marefu ya kukariri halifai kuanzia. Litageuka kudesa kwa pamoja, kila mtu ameinamia karatasi yake kama yuko peke yake.

Hatua ya pili: nani akae wapi

Watu 16 hadi 24 wanatosha. Chini ya hapo wawili wakiugua baraza limekufa, na juu ya hapo wapo watakaojificha nyuma ya wenzao. Vyumba vinne au sita vilivyopakana, mlango kwa mlango, ni bora kuliko watu thelathini waliotawanyika ghorofa tatu.

Usiwajaze wenye alama za juu tu. Najua kishawishi, mkuu wa chuo atapenda matokeo. Lakini korido ya mabingwa haina wa kuuliza swali la kijinga, na swali la kijinga ndilo linalowafundisha wote. Kila chumba weka mmoja wa mwaka wa pili pamoja na wa mwaka wa kwanza. Huyo wa mwaka wa pili hatakuwa mwalimu, atakuwa dada wa chumba tu: anajua vyandarua vinapatikana wapi, mwalimu gani husahihisha kwa ukali, na namna ya kuomba ruhusa.

Kujiunga kuwe kwa hiari, na kutoka kuwe rahisi. Anayetaka kuhama korido katikati ya muhula ahame bila maelezo marefu. Na hapa ndipo somo la Wisconsin linaporudi: wasiwe na kantini yao, geti lao wala heshima ya pekee. Siku moja kwa wiki baraza liwe wazi kwa bweni zima. Ukiwafanya wateule, wenzao watawapa jina la utani, na jina likishashika halibanduki.

Hatua ya tatu: meza, taa na chai

Sehemu hii ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Unahitaji meza moja ndefu na mabenchi mawili, kazi ya fundi seremala yeyote wa mjini. Unahitaji ukuta uliopakwa rangi nyeusi ya ubao. Taa moja ya sola, kwa sababu umeme unakatika usiku ule ule wa kuamkia mtihani. Na birika. Tuliweka kila mtu mia tano kwa wiki, mweka hazina akiwa mwanafunzi na daftari likiwa wazi mezani. Maandazi yakija kutoka nje kila mtu ananunua lake, tusije tukaanza ugomvi wa nani kala mangapi.

Mahali pawe chini, ukumbini au kwenye veranda, pa wazi, panapoonekana na kila anayepita. Jengo letu linapata upepo wa bahari jioni, kwa hiyo veranda ilitushinda wote kwa utamu. Usiweke baraza chumbani kwa mtu, hata kama chumba ni kikubwa.

Hatua ya nne: kumleta mwalimu

Hii ndiyo hatua inayoua miradi mingi. Mwalimu ana mke au mume, ana shamba Muheza, ana vipindi vya ziada chuo kingine. Ukimwambia aje kila usiku atakubali kwa adabu na hutamwona.

Muombe kidogo sana. Saa moja, mara moja kila wiki mbili, siku inayojulikana tangu mwanzo wa muhula. Asiandae somo wala kuja na projekta. Aje akae benchi, anywe chai, asikilize wanafunzi wakifanya, na aingilie pale tu wanapopotea. Mwalimu mmoja wa kwetu alikataa mara mbili. Mara ya tatu mwanafunzi alimfuata mwenyewe koridoni, "Shikamoo Mwalimu, tumegombana juu ya patografu, tunaomba uje utuamue." Patografu ni chati ya kufuatilia uchungu wa mama anayejifungua. Alikuja jioni ile ile. Kuombwa kuamua ugomvi, nani atakataa?

Na ugomvi wenyewe ulikuwa wa kweli. Nusu ya meza ilikuwa na desa la zamani, yaani nukuu za kupokezana, linalosema awamu hai ya uchungu, pale uchungu unapokolea, huhesabiwa mlango wa kizazi ukifunguka sentimita 4. Nusu nyingine ilikuwa imesikia 5. Mwalimu akaeleza kwamba wote wana asili yao: patografu iliyofundishwa kwa miaka mingi ilianzia 4, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 umeanzia 5, kwa sababu wanawake wengi hufunguka polepole kabla ya hapo na kuharakishwa bila haja. Dakika ishirini za mabishano, na sijamsikia yeyote wa korido ile akilisahau. Darasani lingekuwa sentensi moja kwenye slaidi.

Sasa jambo zito. Kwenye bweni la wasichana mwalimu wa kiume hapandi ghorofani, hata akisindikizwa. Anakuja barazani, pa wazi, matroni akiwepo, na anaondoka kabla geti halijafungwa. Hakuna mazungumzo ya mtu mmoja mmoja pale, na hakuna mwalimu anayetoa alama kwa kuhudhuria baraza. Anayetaka kujua alama zake aende ofisini mchana. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 kinataja rushwa ya ngono kuwa kosa, na namba ya TAKUKURU ya 113 hupigwa bure. Tuliiandika ukutani kwa chaki, juu kabisa ya ubao, na baadhi ya walimu walinung'unika. Haikufutwa.

Hatua ya tano: ratiba inayojua mji wake

Siku mbili kwa wiki zinatosha. Sisi tulikaa Jumatatu na Jumatano, kuanzia saa mbili na robo, baada ya Isha, hadi saa tatu na nusu. Ijumaa na Jumapili hatukugusa. Mwezi wa Ramadhani tulisogeza baraza baada ya tarawehe na kulifupisha liwe dakika arobaini na tano, na badala ya chai ya kawaida tukafuturu pamoja mara moja kwa wiki, waliofunga na wasiofunga. Usiku ule wa futari hatukusoma chochote, na ndio uliowaunganisha kuliko vipindi vyote. Mlezi anayelazimisha ratiba ile ile mwaka mzima Tanga atabaki na ratiba yake.

Walio zamu ya usiku hospitali wana haki yao. Bandika mlangoni kipande cha khanga chekundu au alama yoyote mtakayokubaliana: humu kuna mtu amelala, ametoka naiti. Tulipuuza jambo hili mwanzoni, na ugomvi wa kwanza mkubwa wa korido ulitokana na redio saa nne asubuhi wala si masomo.

Hatua ya sita: jioni yenyewe inavyokwenda

Anza na kisa. Mtu mmoja, dakika kumi, aseme kitu alichokiona kazini wiki hiyo kilichomtatiza. Kanuni ni moja na haina msamaha: hakuna jina la mgonjwa, namba ya kitanda, mtaa anakotoka, wala picha. Tanga ni mji mdogo. Ukisema "yule mama wa samaki wa Deep Sea aliyejifungua mapacha", nusu ya meza inamjua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, lakini hata kabla ya sheria hiyo, siri ya mgonjwa ilikuwa amana.

Kisha ubao. Atakayeandika asiwe anayejua. Mpe chaki yule aliyekwama wiki iliyopita, wenzake wamwelekeze kwa maneno tu, bila kumnyang'anya chaki. Mwanzoni itauma kutazama. Utatamani kusema jibu. Kaa kimya, kunywa chai yako.

Halafu fanyeni zamu ya lugha. Mitihani yetu ni ya Kiingereza, na wengi wanaofeli wanajua kitu ila hawawezi kukisema kama karatasi inavyotaka. Kwa hiyo kila tatizo lielezwe kwanza kwa Kiswahili mpaka kila mtu aridhike, ndipo lisemwe tena kwa Kiingereza, kwa sentensi tatu, na mtu mwingine. Ukianza na Kiingereza, watazungumza wale wale watatu mwaka mzima. Ukiishia kwenye Kiswahili, mtihani utawashangaza. Niliona wasichana waliokuwa wakinyamaza darasani wakishindania kusema ile zamu ya pili, kwa sababu walikuwa wameshashiba maana.

Mwisho, dakika tano, kila mtu aseme atakachomfundisha mwenzake wa chumba kabla ya kikao kijacho. Chumbani ndiko kazi inakoendelea. Baraza linawasha moto tu.

Wanaopanga mtaani

Vyuo vingi vya hapa havina vitanda vya kutosha, na wanafunzi wamejaa Chumbageni, Makorora na kwingineko, kwenye mageto ya watu wawili wawili. Msiwaache. Chagueni nyumba moja yenye ua na mwenye nyumba muungwana, ambako tayari wanaishi wanafunzi wanne au zaidi, iwe kituo cha mtaa. Mwenye nyumba aombwe mapema, na aombwe na mtu mzima kutoka chuoni. Kijana akienda peke yake, mama mwenye nyumba atahisi sherehe. Muda uwe saa kumi na nusu jioni badala ya usiku, ili kila mtu arudi kwake kwa baiskeli au kwa miguu mwanga ungalipo. Mwalimu si lazima afike, lakini wanafunzi wa kituo waje barazani chuoni siku ile ya wazi.

Mambo yatakayoharibika

Atatokea mmoja anayejua kila kitu na kujibu kila swali. Usimkemee mbele ya watu, mpe kazi ya kutunga maswali, atatulia. Atatokea anayekuja kwa chai. Mwache, baada ya mwezi huwa anaanza kujibu. Watatokea wapenzi waliokosana au marafiki walioachana, na korido nzima kugawanyika kambi mbili. Hili ni gumu zaidi, na mlezi asijifanye hakimu. Badilisha mpangilio wa vyumba wikendi, kimya kimya, kwa ridhaa yao. Na yupo atakayenyamaza ghafla, asile, asitoke kitandani. Huyo si wa baraza. Mpeleke kwa mshauri wa wanafunzi siku hiyo hiyo, umsindikize mwenyewe.

Serikali ya wanafunzi nayo itataka kulimiliki baraza likianza kusifiwa. Wape siku yao ya wazi, meza msiwape.

Utajuaje kama linafanya kazi

Usikimbilie kulinganisha korido yako na bweni lingine kisha ukatangaza ushindi. Waliojiunga kwa hiari mara nyingi walikuwa na bidii tangu zamani. Linganisha kila mtu na nafsi yake: jaribio fupi la maswali kumi wiki ya pili, lingine la kiwango kile kile wiki ya kumi na mbili, karatasi zikae kwako. Angalia idadi ya sapu za somo lile, mihula miwili kabla na miwili baada. Pia weka daftari la nani alishika chaki. Hiki ndicho kipimo ninachokiamini zaidi. Kama majina ni yale yale sita, una darasa la jioni na bado huna baraza.

Wiki tatu kabla ya mwaka kwisha, waulize watu wawili wa mwaka wa kwanza kama watabaki korido ile ile mwakani kuwapokea wageni. Wakikubali, wape ufunguo wa kabati la birika na daftari la michango siku hiyo hiyo, ungali upo, ili wakosee mbele yako.